Namba 2.147.483.647: haigawanyiki, na mashine nyingi zinaishia pale

Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Bunia ao Kalemie wamekwisha kuona jambo hili: telefoni inakosa umeme siku kadhaa, inazimika kabisa, na pale inawashwa tena inaonyesha tarehe ya 1 Januari 1970. WhatsApp inakataa kufunguka, inadai tarehe irekebishwe kwanza. Mwenye telefoni anaandika tarehe ya kweli na mambo yanaendelea. Wachache ndio wanajiuliza: juu ya nini 1970, na si mwaka mwingine?

Jibu ni kwamba mashine nyingi zinahesabu wakati kwa sekunde, na sekunde ya kwanza waliiweka kwenye tarehe ile. Lakini kila hesabu yenye mwanzo inaweza kuwa na mwisho pia. Kwa mashine za zamani, mwisho huo unajulikana tangu siku nyingi. Ni namba moja ya shifre kumi: 2.147.483.647, ni kusema miliari 2, milioni 147, elfu 483 na 647.

Wataalamu wa hesabu waliijua hii namba karibu miaka mia mbili mbele ya ordinatere ya kwanza. Kwao ilikuwa na sifa za ajabu na haikuwa na kazi yoyote. Leo kazi yake inaonekana, na inamugusa hata mtu mwenye hakupenda hesabu shuleni.

Ukubwa wake

Mtu akitaka kulipa 2.147.483.647 kwa franka za Kongo, akitumia noti za 20.000, zitahitajika noti 107.374, na itabaki franka 3.647 za kutafuta kwa noti ndogo. Akifunga noti zile mia kwa mia, atakuwa na mabunda 1.073 na noti 74 pembeni.

Mtu akitaka kuihesabu kwa mdomo, namba moja kila sekunde, mchana na usiku, bila kula na bila kulala, atamaliza kisha miaka 68 na siku chache. Hiyo miaka 68 itarudi mbele kidogo, juu ndiyo inaeleza shida ya saa.

Franka moja siku ya kwanza

Namna rahisi ya kuelewa namba hii inatoka wapi ni kufikiria sanduku la akiba kwa mwezi wenye siku 31. Siku ya kwanza mtu anatia franka 1. Siku ya pili anatia 2. Siku ya tatu 4, ya ine 8, ya tano 16. Kila siku anatia mara mbili ya ile ya jana.

Siku ya kumi, ndani ya sanduku muna franka 1.023. Hiyo haitoshi hata kununua kitu cha maana. Siku ya makumi mbili muna 1.048.575, zaidi ya milioni moja. Siku ya 31, akifungua sanduku, atakuta franka 2.147.483.647 sawasawa, bila kupungua wala kuzidi hata moja.

Kuna jambo la kuangalia pale. Kila siku, jumla ya yote yaliyo ndani ya sanduku inapungua kwa 1 tu ili ilingane na kile mtu atatia kesho. Kisha siku tatu muna 1 na 2 na 4, ni 7, na kesho atatia 8. Kisha siku tano muna 31, na kesho atatia 32. Kwa hiyo, kupata jumla ya siku 31 hakuna lazima ya kujumlisha kila siku. Inatosha kuzidisha 2 kwa 2 mpaka 2 ziwe 31, inapatikana 2.147.483.648, kisha kutoa 1.

Wenye walisoma hesabu ya shule ya sekondari wanaandika hivi: 2³¹ − 1. Hiyo ndiyo sura ya kweli ya hii namba. Sifa zake zote zinatoka pale.

Namba tasa

Sifa ya kwanza ni kwamba 2.147.483.647 haigawanyiki. Hakuna namba nzima yenye inaweza kuigawanya bila kubakiza kitu, isipokuwa 1 na yenyewe. Kwenye kalasi za Kongo, mwalimu anaita namba ya namna hii nombre premier. Vitabu vya hesabu vya Tanzania vinaiita namba tasa, sawa vile mti wenye hauzai. Mfano wa namba tasa ndogo ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Namba 15 si tasa, juu 3 mara 5 inatoa 15.

Mtu mwenye karatasi anaweza kuanza kujaribu. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 haiigawanyi, na 5 pia haiigawanyi. Akijumlisha shifre zake zote kumi anapata 46, na 46 haigawanyiki kwa 3, kwa hiyo namba yenyewe pia hapana. Kwa 7, inabaki 1. Kwa 11 pia haiendi.

Lakini kuendelea mpaka wapi? Hapa kuna kanuni yenye inapunguza kazi. Namba ikigawanyika, inagawanyika kwa wawili-wawili: 36 ni 2 mara 18, ao 3 mara 12, ao 4 mara 9, ao 6 mara 6. Katika kila jozi, mmoja hapiti 6, juu 6 mara 6 ni 36. Kwa namba 2.147.483.647, mpaka huo uko karibu na 46.341. Mtu akijaribu namba tasa zote zenye ziko chini ya pale na hakuna yenye inaigawanya, basi kazi imekwisha: ni tasa.

Shida ni kwamba namba tasa zenye ziko chini ya 46.341 zinapita 4.700. Kugawanya mara 4.700 kwa mkono, kila mara namba ya shifre kumi, ni kazi ya miezi, na kosa moja linaharibu yote.

Ukoo wa Mersenne

Namba zenye zinatokana na 2 kuzidishwa kwa 2 mara kadhaa kisha kutoa 1 zinaitwa namba za Mersenne. Jina hilo ni la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa mwenye alipenda hesabu na alikuwa akiandikiana barua na wanachuoni wengi wa Ulaya. Katika mwaka wa 1644 alitoa orodha ya mara ngapi 2 izidishwe ili namba yenye kupatikana iwe tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257.

Orodha ile ilikuwa na makosa. Kwa 67 na 257, namba zenye kupatikana si tasa. Tena alisahau 61, 89 na 107. Lakini kwa 31 alisema kweli, ingawa wakati ule hakuna mtu alikuwa ameihakikisha.

Kuna kanuni moja ya lazima katika ukoo huu. Ile namba ya juu, yenye inaonyesha 2 zinazidishwa mara ngapi, lazima yenyewe iwe tasa. Ukichukua 6, yenye si tasa, unapata 63, na 63 inagawanyika kwa 3 na kwa 7. Lakini kanuni hiyo peke yake haitoshi. Ukichukua 11, yenye ni tasa, unapata 2.047, na 2.047 ni 23 mara 89. Kwa hiyo namba 11 inadanganya, namba 31 hapana. Ndiyo maana kila namba ya ukoo huu inahitaji kuchunguzwa peke yake.

Na 31 yenyewe iko ya ukoo ule ule. Zidisha 2 mara tano, unapata 32, toa 1, unapata 31. Kwa hiyo 5 inazaa 31, na 31 inazaa 2.147.483.647. Ni babu, mtoto na mjukuu, wote watatu ni tasa. Jambo hili ni la nadra sana kati ya namba zenye zinajulikana.

Euler na mahesabu 372

Mwenye alihakikisha ni Leonhard Euler, Mswisi mwenye alizaliwa Basel mwaka wa 1707 na aliyetumika miaka mingi kule Saint-Pétersbourg, Urusi. Mwaka wa 1772, katika barua yake kwa mwenzake Bernoulli, alionyesha kwamba 2.147.483.647 ni tasa. Wakati ule Euler alikuwa karibu kupofuka kabisa. Mahesabu mengi alikuwa akiyafanya kichwani na wasaidizi wanaandika.

Hakujaribu namba zote 4.700 na zaidi. Alitumia sheria mbili juu ya kila namba tasa yenye ingeweza kuigawanya. Sheria ya kwanza: ukiigawanya hiyo namba kwa 62, ni kusema 31 mara mbili, lazima ibaki 1. Sheria ya pili: ukiigawanya kwa 8, lazima ibaki 1 ao 7. Namba yenye haitii sheria zote mbili haina haja ya kujaribiwa.

Msomaji anaweza kuona sheria hizo zinafanya kazi kwenye mfano mdogo wa 2.047. Pale ni 11 mara mbili, ni 22. Chukua 23 na ugawanye kwa 22: inabaki 1. Chukua 89 na ugawanye kwa 22: inabaki 1. Sasa kwa 8: kwa 23 inabaki 7, kwa 89 inabaki 1. Sheria zinatimia, na kweli 23 na 89 ndizo zinagawanya 2.047.

Kwa namba kubwa yetu, sheria zile zikiunganishwa, zinaacha namba 372 tu za kuangalia chini ya mpaka wa 46.341. Na hata kati ya hizo nyingi si tasa, kwa hiyo zinatupwa mara moja. Kazi ya miezi inakuwa kazi ya siku chache. Hakuna hata moja yenye iligawanya. Toka hapo, kwa zaidi ya miaka 70, 2.147.483.647 ilibaki namba tasa kubwa kupita zote zenye zilikuwa zimehakikishwa duniani.

Ndugu yake timilifu

Kuna sifa ingine yenye wataalamu wa zamani walipenda. Chukua namba 6. Namba zenye zinaigawanya, bila kuhesabu yenyewe, ni 1, 2 na 3. Ukizijumlisha unapata 6 tena. Chukua 28: zenye zinaigawanya ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla ni 28. Namba ya namna hii inaitwa timilifu, juu vipande vyake vinatosha kuijenga upya, bila kuzidi wala kupungua.

Euclid, Mgiriki mwenye aliishi zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, alionyesha kwamba kila namba tasa ya ukoo huu, wenye leo unaitwa wa Mersenne, inazaa namba timilifu moja. Namba 3 inazaa 6. Namba 7 inazaa 28. Namba 31 inazaa 496. Kufika kwa 2.147.483.647, inazaa 2.305.843.008.139.952.128, na hiyo ni ya nane katika mstari. Euler alikamilisha kazi ya Euclid kwa kuonyesha kwamba namba timilifu zote zenye zinagawanyika kwa 2 zinapatikana kwa njia hiyo, hakuna njia ingine.

Katika mwaka wa 1811, Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba namba timilifu ile ya nane itabaki kubwa kupita zote milele. Aliona namba hizi ni za kushangaza tu, hazina faida, basi hakuna mtu atajisumbua kutafuta ingine. Alikosea mara mbili. Mwaka wa 1883, padri wa Orthodox wa Urusi, Ivan Pervushin, alionyesha kwamba 2 ikizidishwa mara 61, kisha kutoa 1, inatoa tasa pia. Na katika Oktoba 2024 ilitangazwa ile yenye ni kubwa kupita zote mpaka sasa, yenye ilipatikana na Luke Durant wa Marekani kwa msaada wa ordinatere nyingi: 2 zinazidishwa mara 136.279.841, kisha kutoa 1. Ina shifre zaidi ya milioni 41. Kosa la pili la Barlow lilikuwa juu ya faida.

Taa 31

Ordinatere haijui shifre kutoka 0 mpaka 9. Inajua vitu viwili tu, sawa na taa: imewaka ao imezimika. Kuandika namba, inapanga taa katika mstari. Taa ya kwanza ina bei ya 1, ya pili 2, ya tatu 4, ya ine 8, na kuendelea, sawa na lile sanduku la akiba. Ikitaka kuandika 5, inawasha taa ya 1 na taa ya 4.

Mashine nyingi zenye zilitengenezwa katika miaka ya nyuma zilitenga taa 32 kwa kila namba. Taa 31 ni za kuandika namba yenyewe. Taa ya 32 inaonyesha kama namba iko juu ya sifuri ao chini ya sifuri, sawa na mtu mwenye pesa na mtu mwenye deni. Taa zote 31 zikiwaka, namba yenye imeandikwa ni 2.147.483.647. Hakuna nafasi ya kuongeza hata 1.

Na ikiongezwa 1? Pikipiki ya zamani inatoa picha. Kile kisaa cha kuhesabu kilometa kikifika 99.999, kilometa yenye kufuata inakirudisha kwa 00.000. Kwenye ordinatere ni mubaya zaidi. Taa zote 31 zinazimika, na ile ya 32 inawaka. Mashine inasoma −2.147.483.648. Mtu mwenye alikuwa tajiri kupita wote, kwa hatua moja anakuwa mwenye deni kubwa kupita wote.

Kwa Wakongo, namba zenye zinapita ukuta huu si hadithi. Wenye walikuwa wakubwa wakati wa Zaire wanakumbuka noti ya zaire 5.000.000 ya mwaka 1992. Noti 430 za namna ile zinafanya zaire 2.150.000.000, na ukuta umekwisha kupitwa. Katika mwaka wa 1993 zaire mpya 1 ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3.000.000. Katika mwaka wa 1998 franka ya Kongo 1 ilichukua nafasi ya zaire mpya 100.000. Ukizidisha, franka moja ya siku ile ilikuwa zaire za zamani 300.000.000.000. Ni mara 139 na zaidi ya kile sanduku la taa 31 linaweza kubeba. Ajabu ni kwamba hiyo miliari 300 ni kinyume kabisa cha namba tasa: kuna namba 288 zenye zinaigawanya bila kubakiza kitu.

Ukuta hautoki kwa utasa

Watu wengine wenye wanasikia habari hii wanafikiri kwamba mashine zinaishia pale kwa sababu namba ile ni tasa. Si hivyo. Ukuta na utasa vinatoka vyote viwili kwa sura ile ile ya 2³¹ − 1, lakini ni mambo mbalimbali.

Mashine zingine ndogo zilitumia taa 15 za namba. Ukuta wao ni 32.767, na hiyo si tasa: ni 7 mara 31 mara 151. Lakini ukuta ni ukuta. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya yenye inaitwa Ariane 5 iliruka kutoka Kourou, katika Guyane ya Ufaransa, na ikavunjika kisha sekunde karibu 40. Programu yake ilijaribu kuingiza namba kubwa ndani ya nafasi yenye mwisho wake ni 32.767. Namba haikuenea, na vyombo vya kuongoza roketi vikapotea njia.

Mashine za leo, zenye wauzaji wanaita za 64 bits, zinatumia taa 63 na moja ya alama. Mwisho wao ni 9.223.372.036.854.775.807. Hiyo pia si tasa, inagawanyika kwa 7. YouTube ilipita kwenye nafasi hiyo kubwa wakati video ya mwimbaji Psy wa Korea ya Kusini, Gangnam Style, ilikaribia kuonwa mara 2.147.483.647. Hiyo ilijulikana Desemba 2014.

Siku ya 19 Januari 2038

Sasa turudi kwa zile sekunde zenye zilianza 1970. Mashine yenye inahesabu sekunde kwa taa 31 itajaza taa zote kisha siku 24.855, saa 3, dakika 14 na sekunde 7. Hiyo ndiyo miaka 68 ya mtu mwenye anahesabu kwa mdomo. Inaangukia Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa ya Bukavu, Goma, Bunia, Kindu na Kalemie itakuwa saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri. Kinshasa itakuwa saa kumi na dakika 14.

Sekunde yenye kufuata, mashine yenye haikurekebishwa itaruka kwenda chini ya sifuri na kuonyesha tarehe ya 13 Desemba 1901. Wakati ule inchi hii ilikuwa bado mali ya mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji.

Tarehe ya uongo si jambo la kuchekesha tu. Telefoni yenye tarehe mubaya inakataliwa na kurasa nyingi za intaneti, juu cheti cha usalama kinaonekana kimepita wakati ao hakijaanza. Programu ya kuhesabu faida ya mkopo inaweza kuona deni la miaka mingi kinyumenyume. Tena shida inaweza kufika mbele ya 2038: mkopo wa miaka mingi, ao mkataba wa shamba wenye mwisho wake unapita tarehe ile, tayari unaomba mashine iandike siku yenye haina nafasi ya kuandika.

Wenye kutengeneza programu hawakulala. Linux, mfumo wenye uko ndani ya telefoni za Android na ndani ya mashine nyingi za mitandao, toka mwaka wa 2020 unaruhusu hata mashine za taa 32 kuhesabu sekunde kwa nafasi kubwa. Kwa taa 63, sekunde zitatosha kwa miaka karibu miliari 292. Shida inabaki kwa vyombo vyenye havipate programu mpya: vifaa vya zamani vya ofisi, vifaa vya mitandao, vyombo vya kupima, na telefoni ao ordinatere zenye zilikwisha kutumika ng'ambo kisha zinauzwa huku. Katika majimbo ya mashariki, chombo hakitupwi kwa sababu kimezeeka. Kinatengenezwa, kinatumika tena, na kinaweza kufika 2038 kingali kikifanya kazi.

Nini cha kufanya

Kwanza, hakuna sababu ya hofu. Mtu mwenye ananunua telefoni ao ordinatere leo anaweza kumuuliza muuzaji kama ni ya 64 bits. Jibu linaweza kuonekana ndani ya mashine yenyewe, pale inaandika habari zake. Ordinatere ya 64 bits yenye programu za karibuni haina shida na tarehe ile.

Pili, ofisi, kituo cha afya, shule ao chama cha akiba chenye kinaweka majina na tarehe ndani ya mashine ya zamani kinaweza kuuliza fundi swali moja: hii programu inaandika tarehe za kisha 2038? Swali likiulizwa sasa, kuna miaka ya kurekebisha. Daftari la karatasi pembeni ya mashine pia lina faida yake, juu karatasi haina taa ya 32.

Tatu, si vizuri kujaribu mwenyewe kwa kuruka tarehe ya telefoni mbele ao nyuma kwa kutaka kuona nini itatokea. Mwezi wa Februari 2016 ilijulikana kwamba iPhone kadhaa zilizopangwa kwa tarehe ya 1 Januari 1970 zilikufa na hazikuwaka tena, na Apple ikalazimika kutoa programu ya kurekebisha.

Kwa wanafunzi na walimu wenye wanataka kuichunguza namba yenyewe, hakuna lazima ya ordinatere. Waanze na ndugu zake wadogo: 3, 7, 31, 127. Kisha wachukue 8.191, yenye ni 2 zikizidishwa mara 13, kisha kutoa 1. Mpaka wa kujaribu ni 90 tu. Kwa sheria za Euler, namba yenye inaweza kuigawanya lazima ibakize 1 ikigawanywa kwa 26, na 1 ao 7 ikigawanywa kwa 8. Namba tasa yenye inatimiza yote mawili chini ya 90 ni moja peke yake: 79. Wagawanye 8.191 kwa 79 na waone inabaki nini.